Kabla ya Kujaza KUCCPS, Mpeleke Mtoto Akaone Chuo Siku ya Kazi

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hutoka Januari. Kuanzia hapo mpaka KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, ifungue maombi kuna wiki kadhaa ambazo nyumba nyingi za Nakuru na Kisumu huzimalizia kwenye mabishano: udaktari au uhandisi, Nairobi au karibu na nyumbani, shangazi kasema hivi, mwalimu mkuu kasema vile. Mtoto aliyepata A au A- ana nafasi ya kuchagua, na wiki hizo zinatosha kabisa kumpeleka akaone anachokichagua. Lakini usimpeleke kuona chuo. Mpeleke kuona idara. Ndani ya chuo kimoja kikubwa cha umma utakuta idara inayofundisha kwa mpangilio, na ng'ambo ya barabara hiyo hiyo idara nyingine ambayo maksi za mwaka jana bado hazijaingizwa. Jina lililo langoni ni moja tu, na halikuambii lolote kuhusu tofauti hiyo.

Naanza na honours, lile daraja la heshima la shahada, maana wazazi wengi huiulizia kana kwamba ni darasa maalum la wenye akili. Marekani mambo yako hivyo. Chuo kikubwa kama Arizona State kina Barrett, Penn State kina Schreyer: chuo kidogo ndani ya chuo kikubwa, mwanafunzi anaomba kivyake, anaandika insha, anasoma kwenye madarasa madogo na kumaliza kwa tasnifu. Kama mtoto wako analenga huko, ofisi ya EducationUSA katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi hutoa ushauri bila malipo. Swali la kwanza huko liwe la pesa, kwa sababu vyuo vikubwa vya majimbo kwa kawaida haviwapi wageni msaada wa kutosha. Kwetu honours haitolewi mlangoni. Wote huingia darasa moja, na daraja hutoka mwishoni kwa wastani: 70 kwenda juu ni First Class, 60 hadi 69 ni Second Upper, 50 hadi 59 ni Second Lower, 40 hadi 49 ni Pass. Udaktari hufuata utaratibu wake na alama ya kupita huwa 50.

Wastani huo una hesabu ambayo mtoto anafaa kuijua kabla hajaingia. Tuseme kozi ya miaka minne ina yuniti 48. Kupata 70 kunahitaji jumla ya alama 3,360. Akianguka yuniti moja na kurudia mtihani, vyuo vyetu vingi humwandikia 40 hata kama safari ya pili amepata 75. Yuniti hiyo moja imemla alama 30, na ili azirudishe inabidi apate 71 badala ya 70 katika yuniti 30 nyingine. Ndiyo maana mgonjwa hashauriwi kujikaza aingie kwenye mtihani. Anapeleka barua ya hospitali na kuomba mtihani maalum, ambao husahihishwa kwa alama kamili. Sapu, yaani huo mtihani wa kurudia, na mtihani maalum ni vitu viwili tofauti, na kuna wanafunzi wanaofika mwaka wa tatu bila kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Sasa, kabla hata hujalipa nauli, fungua tovuti ya chuo na utafute kitabu cha mahafali. Vyuo vingi huweka kitabu hicho kama PDF kila mwaka. Ndani yake majina yamepangwa kwa kozi, na ndani ya kozi yamepangwa kwa daraja. Nenda moja kwa moja kwenye kozi anayoitaka mtoto. Hesabu waliopata First Class, hesabu Second Upper, kisha jumla ya waliohitimu. Fanya hivyo kwa vitabu vya miaka mitatu, maana mwaka mmoja unaweza kukudanganya. Kozi iliyohitimisha watu 90 bila First Class hata mmoja kwa miaka yote mitatu ina jambo la kueleza. Iliyotoa 40 kati ya 90 nayo ina lake. Andika namba hizo kwenye daftari. Ukifika utamuuliza mwenyekiti wa idara ni wangapi walioanza mwaka wa kwanza na darasa hilo. Pengo kati ya walioanza na waliomaliza kwa wakati lina habari nyingi kuliko brosha yoyote.

Siku ya kwenda: Jumanne, Jumatano au Alhamisi, katikati ya semista. Jumamosi utaona nyasi na majengo tu. Jumatatu wakuu wako mikutanoni, Ijumaa baada ya saa sita wengi wameshaondoka. Epuka wiki mbili za mitihani na wiki ya kusajili wanafunzi wapya. Kalenda nayo usiikariri kutoka kwa mtoto wa jirani, kwa sababu migomo ya wahadhiri huisukuma. Ule wa 2025 ulianza Septemba ukaisha Novemba, na semista zikasogea. Piga simu ofisi ya kitivo, siyo laini kuu ya chuo, uulize kama masomo yanaendelea na kama mwenyekiti wa idara atakuwepo. Omba dakika 20. Ukiomba saa nzima utaambiwa uandike barua.

Kwa walio Nakuru, Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kiko kilomita 25 hivi kutoka mjini. Unashika barabara ya Eldoret, unaiacha kwenye njia panda ya Njoro, unapita Ngata mpaka Njoro mjini, kisha unaendelea kwa barabara ya Mau Narok hadi langoni. Matatu za moja kwa moja zipo. Ukipanda ya kuishia Njoro utamalizia na nyingine au boda. Kasri la Lord Egerton liko upande huo huo na mtoto atataka picha. Liacheni mpaka mmalize kazi, maana litawamalizia asubuhi nzima. Mbebeeni sweta: Njoro iko juu, zaidi ya mita 2,000, na asubuhi yake siyo ya Nakuru mjini, sembuse ya Kisumu.

Langoni askari atataka kitambulisho cha mzazi, na kama una gari ataandika namba yake. Sema idara unayokwenda na jina la ofisi uliyoipigia. Mtoto abebe nakala ya matokeo na namba yake ya mtihani. Mjifikishe saa tatu kamili, kwa sababu kuanzia saa saba hadi saa nane mchana ofisi hufungwa kwa chakula, na ukianza saa tano utajikuta umekaa kwenye benchi.

Msianzie ofisi ya regista. Huko watawapa karatasi za karo na masharti ya kujiunga, vitu ambavyo viko mtandaoni. Nendeni idarani. Na kabla ya kubisha mlango wowote, simameni mbele ya ubao wa matangazo.

Ubao wa idara usomwe kwa makini, na tarehe zisomwe kabla ya maneno. Ratiba iliyobandikwa ni ya semista hii au ya mwaka juzi? Ina majina ya wahadhiri kwenye kila yuniti, au kuna mistari mingi imeandikwa tu kwamba mhadhiri atatangazwa? Ikiwa ni wiki ya sita ya masomo na bado kuna yuniti tatu hazina mtu, hizo zitakuja kufundishwa haraka haraka wikendi mbili kabla ya mtihani. Kisha tafuta tangazo la maksi zilizopotea. Kwa kawaida ni orodha ya namba za usajili, msimbo wa yuniti, mwaka mtihani ulipofanywa, na agizo la kumwona mratibu wa mitihani. Angalia ule mwaka. Maksi za semista iliyopita ni jambo la kawaida; maksi za miaka miwili nyuma ni hatari. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kumaliza masomo na jina lake likakosekana kwenye orodha ya mahafali kwa sababu ya yuniti moja aliyoifanya, akaipita, na karatasi yake haijulikani ilipo. Nikiulizwa kinachoua First Class vyuoni mwetu, nitataja hili kabla ya uvivu.

Ndiyo sababu mtoto afundishwe mapema: kila anapofanya CAT, yaani jaribio la katikati ya semista, asaini karatasi ya mahudhurio, kila karatasi ya CAT iliyosahihishwa aipige picha na kuiweka, na kadi yake ya mtihani asiitupe mpaka siku ya kuhitimu. CAT kwa kawaida hubeba 30 na mtihani 70. Palipo na alama za mtihani bila za CAT, mfumo huonyesha kistari tu, na mwenye ushahidi ni yule aliyehifadhi karatasi.

Mkishaingia kwa mwenyekiti wa idara, ambaye wanafunzi humwita COD, mwache mtoto aongee. Mzazi asalimu, ataje alikotoka, anyamaze. Mwenye shahada ya uzamivu huitwa Daktari, profesa huitwa Prof. Mwenyekiti akiitwa "boss" na mtoto wa miaka 18, mazungumzo yataishia kwenye salamu. Maswali ya maana ni machache. Daktari, maksi za semista hutoka wiki ngapi baada ya mtihani? Mwanafunzi anachagua mada ya mradi wa mwisho mwaka wa ngapi, na mhadhiri mmoja husimamia wanafunzi wangapi? Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ni ya wiki ngapi, na idara humtafutia mtu nafasi au kila mmoja hujitafutia? Miaka yote inahesabiwa kwenye wastani wa mwisho? Hili la mwisho msikubali jibu la mdomo pekee, ombeni waonyeshe sheria za mitihani za chuo, maana vyuo havifanani.

Kisha ombeni kuona maabara. Siyo ile ya wageni. Ya mwaka wa pili. Hesabu darubini, halafu uliza kundi moja la mazoezi lina wanafunzi wangapi. Wanafunzi 60 kwa darubini 12 ni watano kwa kila moja, maana yake mmoja anaangalia na wanne wananakili mchoro wake.

Kwa kozi za kilimo Egerton ina kitu ambacho ni vigumu kukipata kwingine. Ilianza 1939 kama shule ya kilimo, ikawa chuo kikuu kamili 1987, na mashamba bado yapo. Hapo Njoro pia kuna kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, ambako ngano kutoka nchi nyingi hujaribiwa dhidi ya kutu ya shina, ule ugonjwa wa Ug99 uliogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtoto anayetaka agronomia au uzalishaji wa mbegu aulize idara ni wanafunzi wangapi hufanyia atachimenti kituoni hapo. Hiyo ni nafasi anayoweza kuiendea kwa miguu au boda, na mwenzake aliyeko Nairobi anaiombea kwa barua. Wazazi wetu huidharau kozi ya kilimo mtoto akiwa na A-. Mimi naona dharau hiyo imepitwa na wakati.

Uhandisi una mtego wake. Shahada ya Sayansi ya Uhandisi ni ya miaka mitano, na anayewasajili wahitimu wake ni Bodi ya Wahandisi, EBK. Shahada ya Teknolojia ya Uhandisi jina lake linafanana, lakini mhitimu wake husajiliwa na bodi nyingine, KETRB, kama mwanateknolojia. Zote ni kazi halali, ila siyo kazi moja, na kuna watu waliokuja kujua baada ya mahafali. Fungua tovuti ya EBK, soma orodha ya kozi inazotambua, na ulinganishe jina la kozi neno kwa neno na lile lililo kwenye KUCCPS. Kutambuliwa kwa chuo hakumaanishi kozi zake zote zimetambuliwa. Fanya vivyo hivyo kwa uuguzi kwenye Baraza la Wauguzi, sheria kwenye Baraza la Elimu ya Sheria, na udaktari kwenye baraza la madaktari, KMPDC.

Anayetaka udaktari hana haja ya kumaliza siku nzima Njoro. Wanafunzi wa afya wa Egerton hufanya mafunzo yao ya wodini Nakuru, katika hospitali ya rufaa ya kaunti ambayo wenyeji bado huiita PGH. Waulize wanahamia mjini mwaka wa ngapi na wanalala wapi wakishahama, kwa sababu bedsita ya mjini haina bei ya Njokerio, mtaa ulio jirani na chuo kule Njoro. Wodini hamtaingia, na msijaribu. Lakini nje, karibu na mkahawa, mtawaona wanafunzi wa mwaka wa nne na makoti yao meupe. Swali la kuwauliza: kitanda kimoja cha mgonjwa huzungukwa na wanafunzi wangapi wakati wa mafunzo?

Na kwa jumla, wanafunzi waulizwe bila mzazi kuwepo. Mtoto atoke peke yake kwa saa moja, aende mesi, aende maktaba, avuke mpaka Njokerio ambako makomredi, yaani wanafunzi wa chuo, wengi wamepanga. Mzazi akae kwa chai. Komredi hatakwambia wewe kwamba maji ya hosteli hukatika au kwamba wanaokwenda kusoma usiku hutembea wanne wanne, ataambiwa mwenzake. Hosteli za ndani hazitoshi wote, kwa hivyo mpangie bajeti ya chumba cha nje hata kama anaahidiwa kitanda mwaka wa kwanza. Chumba kikaguliwe mchana, na swali la pili baada ya kodi liwe umbali wake kutoka lango lililo wazi usiku.

Kwa upande wa Kisumu, Maseno iko kilomita 25 hivi nje ya jiji kwenye barabara ya Busia, palepale ikweta inapopita. Kisumu panda matatu ya Luanda au Busia, ushukie Maseno. Chuo kimekatwa na barabara, kwa hivyo uliza mapema kama idara yako iko Siriba au upande wa pili, usije ukapoteza nusu saa. Kozi za udaktari zina uhusiano na hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wakazi bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Anayetoka Nakuru asijidanganye kwamba ataenda na kurudi siku moja: ni karibu saa nne mpaka Kisumu kupitia Kericho, na utafika ofisi zikikaribia kufungwa kwa chakula. Laleni Kisumu, mwende asubuhi. Njia hiyo inaruhusu pia kupitia Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, siku ya pili. Hicho kina kozi za usimamizi wa majanga ambazo watoto wengi hawajui kwamba zipo.

Pesa. Mfumo ulioanza 2023 huweka familia kwenye bandi tano. Kwa mgawo wa 2024, bandi ya kwanza familia ilibeba asilimia 5 ya gharama ya kozi, ya tano asilimia 40, na iliyobaki ilikuwa ufadhili wa serikali pamoja na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Asilimia hizo ni za gharama ya kozi, kwa hivyo asilimia 20 ya uhandisi na asilimia 20 ya ualimu siyo pesa moja. Piga hesabu ya kozi yenyewe. Mtoto akiwekwa bandi isiyolingana na hali ya nyumbani, kuna rufaa, na wanaofaulu ni wale wenye stakabadhi: barua ya chifu, cheti cha kifo cha mzazi, hati ya kuachishwa kazi. Mwanafunzi wa chuo cha binafsi hupata mkopo tu, ufadhili hapati. Wanaofikiria Kabarak, kwa mfano, walijue hilo kabla ya kujaza.

Mkirudi, linganisheni daftari na akaunti ya KUCCPS. Pointi za klasta, zile za kati ya 0 na 48 zinazotokana na masomo manne ya kozi na jumla ya pointi za mtihani mzima, huonekana ndani ya akaunti ya mtoto. Hizo ndizo za kuamini. Vikokotoo vya mtandaoni mara nyingi hutoa namba kubwa kuliko ya kweli na mtoto akaomba kozi ambayo hakuifikia. Katofu ya mwaka uliopita nayo ni alama ya mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa, siyo ahadi. Kozi iliyofunga kwa 42.1 mwaka jana na mtoto ana 42.3 iwekwe juu kama anaitaka kweli, lakini chini yake pawe na moja anayoizidi kwa pointi mbili au tatu, na iwe kozi ambayo idara yake mmeiona kwa macho. Nafasi za chini ndizo hujazwa saa tano usiku kwa kubahatisha, na kila mwaka kuna watoto wanaopelekwa huko huko.

Kama atapelekwa pasipo pake, dirisha la uhamisho kati ya vyuo hufunguliwa baada ya majibu ya KUCCPS. Hawezi kuhama bila kutimiza katofu ya kozi anayoitaka ya mwaka ule ule, na nafasi lazima iwepo. Waliochelewa hubaki na uhamisho wa ndani, kutoka kitivo kimoja hadi kingine, ambao hushughulikiwa wiki za kwanza za muhula. Siku ya kuripoti mtoto aingie na fomu ya uhamisho huo mkononi, na namba ya simu ya idara mliyoizuru.